Kucha za Mudogo Wangu

Tumbo langu ni jepesi tangu utoto. Watu wanafikiri niliacha shule kwa sababu ya fimbo. Hapana. Niliacha kwa sababu ya mate. Mwalimu wetu ku misioni alikuwa analamba kidole kila akifungua ukurasa, halafu na kidole kile kile anakushika shavu. Na siku ya kutuma barua alikuwa anatupanga mustari tumulambie timbri zake, zile stempu za posta, kwa sababu ulimi wake, alisema, ulishachoka. Unarudi nyumbani na gundi mu meno, chakula chote kina ladha ya bahasha. Mpaka leo, mutu akilamba kidole mbele yangu kabla ya kunipa kitu, nakiacha.

Lakini ni yeye alinifundisha S/C, na kwa hiyo namushukuru.

Juu ya bahasha unaandika jina la mutu wako. Chini yake unaandika S/C, halafu jina la misioni. Mwalimu alisema kwa Kifaransa maana yake ni kwamba barua inapita chini ya kifuniko cha mwingine. Wewe hauna sanduku la posta, nyumba yako haina namba, basi unaazima jina la mwenye navyo. Waingereza nao, alisema, wana yao ya zamani: c, mustari wa kuinama, kisha o. Kwao maana yake ni utunzaji, barua hii iko mu utunzaji wa fulani. Hata kule kwao kulikuwa wakati milango haikuwa na namba, barua inaachwa ku duka ao ku nyumba ya wageni, na mwenye nyumba anaitunza mpaka mwenyewe apite. Mimi nilipenda ile ya Waingereza. Kifuniko kinaweza kufunika hata chungu kitupu. Kutunza ni kazi.

Na kazi yenyewe niliiona. Katekista mumoja alitoka Kasongo na baiskeli, mvua juu, barua moja tu ameifunga mu jani la ndizi na kuiweka ndani ya kofia, kofia ku kichwa. Alifika kwa mama yangu, akakataa kukaa, akakataa maji, mpaka barua imesomwa. Ndiyo ilikuwa S/C, wakati ule.

Halafu misioni ikachoka na barua za watu, tukahamisha S/C yetu kwa mufanyabiashara mumoja wa Nyangwe. Yule alikuwa anafungua bahasha ku mvuke wa birika, anasoma, anafunga tena na ugali. Ndiyo, ugali. Ukifika kuchukua barua yako, kwanza unanunua sabuni, hata kama nyumbani sabuni iko. Na unapokaribia ku mulango watu waliokaa pale wanakusalimia na habari zako mwenyewe. "Pole na mimba ya binti." Binti gani? Unasoma barua yako njiani, kumbe ni kweli, binti ana mimba, na wewe ndiye wa mwisho kujua. Ile barua ilinuka jiko. Niliisoma nikiishika na majani.

Wakati wa vita watu wetu wengi wa Kabambare walivuka ziwa, wakakaa mu kambi upande wa Tanzania, na mudogo wangu pamoja nao. Barua zake zilikuja na ile c/o ya Kiingereza, kwa mikono ya wauza samaki, mara mu soksi, mara ndani ya mukate. Mukate niliwapa kuku. Lakini hakuna hata moja iliyopotea. Watu walikuwa hawana kitu, walitunza karatasi ya mutu wasiyemujua.

Leo kuna ajansi za kolis, zinazosafirisha mizigo ya watu, kuna simu. Na S/C bado iko, lakini uliza vijana wa soko ya Kasongo maana yake. Mutu akikupokelea mufuko, anakuambia, "Papa, na S/C yangu?" Yaani kipande anachokata yeye. Ukituma mafuta, chupa inafika na shingo tupu. Ukituma kuku, anafika amechinjwa, na miguu ndiyo mingi. Neno la utunzaji limegeuka kuwa neno la kulamba.

Haya, sasa nifike ku mudogo wangu.

Alirudi kutoka kambi, akaoa kwetu upande wa Lusangi, akalima, halafu dhahabu ikamuita kama inavyowaita wote. Alikwenda kuchimba mbali, upande wa Kamituga, na kule alikufa na kifua. Wenzake walimuzika palepale. Lakini walikuwa watu, wale wachimbaji. Walimukata kucha na nywele kidogo, wakafunga mu kipande cha shati yake nyekundu, wakaweka mu kopo ndogo ya maziwa ya unga. Kwetu, mutu akizikwa mbali, kitu cha mwili wake kinarudi kuzikwa ku kiwanja cha kwao. Mpaka hapo muke wake anakaa chini ku mukeka. Hagusi jembe. Hakati nywele. Anapikiwa.

Na mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha. Majirani walikuwa wanapanda mupunga, muke wa marehemu anawasikia wakiimba njiani, yeye yuko ku mukeka na watoto wake wanaangalia mikono ya watu.

"Shemeji," aliniambia, "mbegu yangu panya wanaikula nikiwaona. Niletee mutu wangu niamuke."

Wachimbaji walipiga simu: kopo imepanda ndege ndogo mpaka Kasongo, S/C mwenye ajansi, maana kwetu ajansi haiko. Yeye atamupa mutu wa pikipiki aifikishe. Tukangoja. Pikipiki zilipita na bia, na chumvi, na mbuzi. Kopo haikuja. Nikashuka Kasongo mwenyewe.

Mwenye ajansi ni mutu munene, mwenye marashi mengi. Ndani ya biro yake, ofisi ile, kuna mifuko mpaka ku dari, harufu ya samaki kavu, mafuta ya mawese na marashi yake, vyote pamoja. Nilisimama ku mulango ili nipumue.

"Mzee, karibu. Kolis gani?"

"Kopo. Ya mudogo wangu."

"Mudogo wako alituma nini?"

"Hakutuma. Alitumwa."

Akaangalia chini ya meza, kama mutu anayejua kwamba chini ya meza hakuna kitu. "Ilishaondoka na pikipiki."

"Ya nani?"

"Mzee, pikipiki za Kasongo nitazijua zote?"

Nikatoka nje, nikakaa. Kulikuwa mama anayeuza ndagala, samaki wadogo wa kukausha, palepale ku mulango. Akapunga nzi.

"Baba, ukingoja hapo utaoza mbele ya samaki yangu."

"Natafuta kopo ya maziwa."

"Ile? Ile ilimufanya mwenye ajansi alie sawa mbuzi wa sikukuu. Aliona imetoka ku machimbo, akasema dhahabu ndiyo hii. Akaifungua na spoku ya baiskeli, akafungua kitambaa, akamimina ku kiganja. Kuona ni kucha, akazifunga tena mbio, akatupa yote." Alikunja uso, halafu akacheka. "Mpaka leo ananawa. Anasema wamemutumia uchawi."

"Akaitupa wapi?"

"Mimi nauza samaki, siuzi majibu. Lakini ile harufu ya nyuma ya nyumba, usinisingizie mimi."

Nikarudi ndani, nikamuambia najua alifungua. Hakukataa. Alisema, "Ngoja kidogo, mzee, labda iko huku," akaingia nyuma ya pazia. Nikangoja. Nikasikia tik. Kisha tik. Kisha tik tena. Nikafikiri ni panya anatafuna.

Akatoka na kopo. Haikuwa ya maziwa, ilikuwa ya nyanya, nyanya bado ku ukingo. Ndani kulikuwa kucha.

Ndugu msomaji, ilinibidi niziangalie. Mudogo wangu, panga ilimupasua kidole gumba tulipokuwa tunakata fito, na ukucha wake ulikuwa unaota umepasuka katikati, sawa kwato ya mbuzi. Kwato sikuiona. Niliona kucha nyeupe, safi, sawa mbegu za malenge, na zinanuka marashi. Nikainua macho. Mwenye ajansi alikuwa ametia mikono mu mifuko.

"Toa mikono."

"Mikono yangu inakuhusu nini?"

Mate ya kutapika yalinijaa mu kinywa. Mutu ameketi nyuma ya pazia, anakata kucha zake, ili muke wa marehemu alie juu yazo. Lakini sikupiga kelele. Nilifunika ile kopo na kiganja, nikamuambia polepole:

"Haina neno. Nitazibeba hizi. Tutachimba shimo ku kiwanja chetu, tutaziweka ndani, wazee watazungumza nazo, watazikataza kurudi. Halafu tutaona nani ameitika."

Aliruka meza. Mutu munene vile, sikujua anaweza. Akaninyang'anya kopo, akaweka ile nyanya mu mufuko wa suruali yake nzuri.

"Mzee, usifanye vile. Mimi nina watoto."

"Na yeye anao. Twende nyuma."

Nyuma kulikuwa shimo la takataka la kiwanja chote. Sitaki kulisema, lakini nitalisema: matumbo ya samaki, nepi za watoto, paka aliyekufa, na maji meusi yanayofanya povu bila mutu kuyagusa. Alisema atatafuta kijana wa kuingia. Nikamuambia jina lililoandikwa S/C si la kijana. Akavua viatu, akaingia na jembe. Nilitapika mara mbili, ao tatu. Yule mama wa samaki alikuja kusimama, ameziba pua na kitenge.

"Tunza vizuri, patron," alimuambia. "Iko chini ya jina lako."

Kopo ilipatikana imebonyea, kifuniko kimejikunja, lakini fundo la shati nyekundu lilikuwa limenasa ndani. Niliipokea na mikono yangu, bila majani. Sikufungua. Yule mutu akapanda juu, miguu myeusi mpaka magoti, akajifuta, na utaamini, akasema:

"Haya, mzee. Na S/C yangu?"

Mama akachukua kichwa cha ndagala, akamuwekea juu ya kiatu.

Nilirudi na pikipiki. Dereva alitaka kufunga kopo nyuma na mipira, pamoja na kuku. Nilikataa, nikaishika mu kifua njia yote, na harufu ile inanipanda puani ku kila kilima. Dereva mwenyewe aliendesha akiangalia pembeni.

Muke wa marehemu alikuwa palepale ku mukeka. Hakuuliza kwa nini nanuka. Alifungua fundo na meno, lilikuwa limekaza na uchafu, na mimi nikageuza uso. Akamwaga juu ya ungo. Nywele hazikuwa, zilikwenda na maji ya shimo. Kucha zilikuwa. Akazitenga na kidole, moja moja, mpaka akafika ku moja iliyopasuka katikati.

"Ndiye," alisema. "Karibu nyumbani, baba watoto."

Tulimuzika jioni ile ile, nyuma ya nyumba, shimo dogo la kutosha kopo. Asubuhi walimunyoa muke wake. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, mikono imenyooka mbali na mwili, nakataa kula. Aliniona. Akaleta majivu na ndimu, akazishika mikono yangu, akasugua kidole kwa kidole, chini ya kila ukucha, hakukunja pua hata kidogo. Mikono ile ya shimo. Alipomaliza, alizinusa, akasugua tena.

Halafu akachukua jembe. Mupunga wake uliota kwa kuchelewa, mufupi kuliko wa majirani.