Kasuku Mweupe na Eda ya Jirani

Bibi mzungu niliyempikia miaka kumi na moja alipokuwa anarudi kwao kutunzwa na bintiye, aliniomba nikae na kasuku wake mpaka nimpatie mtu wa kumchukua moja kwa moja. Uamuzi aliniachia mimi, pamoja na karatasi za kibali. Alikuwa kasuku mweupe, mkubwa kama kuku, mwenye kishungi cha manjano kinachosimama akifurahi au akikasirika. Nilikubali nikidhani ni kazi ya wiki mbili. Sikujua ninajiletea mwenye nyumba wa pili.

Kwangu, mtaani Shika Adabu, ni chumba na ukumbi. Kabla wiki haijaisha alikuwa ametafuna miiko miwili na mbao ya dirisha, na kila asubuhi na magharibi alipiga ukelele wa kuamsha mtaa. Hayo ningeyavumilia. Tatizo ni kwamba mimi hutoka mapema kwenda kwenye kazi mpya ng'ambo ya feri, narudi jioni, na ndege wa aina hii hawezi upweke. Akaanza kujinyonyoa. Nilikuta manyoya sakafuni, kisha kifua kitupu, kisha damu. Daktari wa mifugo aliniambia wazi kwamba asipopata mtu wa kushinda naye, atajidonoa mpaka afe. Walikuja watu wawili kumtazama. Mmoja alimtaka awe anapigwa picha na watalii, nikamfukuza. Wa pili alisikia ukelele mmoja tu, akaaga kabla ya chai.

Katikati ya hayo mume wa jirani yangu alifariki, na yule mama akaingia eda: miezi minne na siku kumi bila mapambo, bila kutoka nje ila kwa dharura. Nikaona haya. Mtu yumo katika huzuni yake, na upande wa pili wa ukuta anapigiwa makelele? Mimi ni mwanamke Mkristo, nimezaliwa Kaloleni, sikutaka iwe mimi ndiye nisiyejua heshima ya eda. Nikamhamishia ndege stoo ya uani, nikalifunika tundu kwa leso. Akanyamaza, nami nikajisifu kwa adabu yangu. Kumbe nilikuwa namuua.

Siku ya nne binti wa yule mama alikuja kuniita. Nilikwenda na maneno ya kuomba radhi tayari mdomoni. Nikamkuta mama mkekani, anashona kofia, kazi yake ya siku zote. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona ndege wako kanyamaza? Wallahi nyumba hii kimya kimezidi. Mlete."

Nikampeleka. Sijapata kuona subira kama ile. Kasuku aliiba nyuzi, akafumua kofia iliyokaribia kwisha, na mama akaanza upya bila kupandisha sauti. Alimsemesha mchana kutwa: habari za marehemu, za chumvi kuzidi, za magoti yake. Baada ya wiki kadhaa nilimkuta ndege ameshika ncha ya uzi mdomoni, ametulia, mama anavuta upande wa pili. Kifuani palikuwa pameanza kuota manyoya madogo meupe. Niligeuka nikajifanya natafuta viatu, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Lakini eda ina mwisho, na mwanawe wa kiume alikuwa amekwisha kumtayarishia chumba kwake Magogoni. Siku zilivyozidi kupungua ndivyo nilivyozidi kukosa raha. Siku ilipofika, mama alikoga, akavaa nguo mpya, nyumba ikajaa udi na wanawake. Nikaingia na tundu mkononi.

"Wampeleka wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia nyumbani, kwa kuwa eda imekwisha.

Alimgusa ndege kifuani, pale palipokuwa bado na upara. "Yangu imekwisha. Huyu naye kaachwa na mtu wake, na yake bado. Nipe idhini nikae naye, mwanangu, mbele ya hawa wote."

Nilimpa idhini, na karatasi zake nikamkabidhi. Nikarudi kwangu na tundu tupu, nikalia vizuri.

Jumapili nikitoka kanisani huenda Magogoni kuwatazama. Kifua kimejaa. Akiniona husimamisha kishungi, hunijia mpaka mkononi, kisha hurudi begani kwa mama na kuokota uzi wake. Mimi husema sioni wivu. Huwa naona, kidogo.