Zarangez Aliyesema Ni Mzima

Huku kwetu Bartang, bonde la milimani, Gulsifat ndiye mkunga wa vijiji vinne. Mimba ya Zarangez aliifuatilia mwenyewe tangu mwezi wa tatu. Mara saba alipanda kwao, akampima, akanywa naye chai ya maziwa na chumvi, wakataniana. Akajua kwamba uzazi wa kwanza nusura damu immalize, na kwamba Zarangez halalamiki hata akiungua.

Mwezi Machi theluji iliporomoka ikafunga barabara. Siku hiyohiyo, wiki mbili kabla ya wakati, uchungu ukamshika Zarangez. Daktari wa wilaya akampigia Gulsifat simu: "Nesi wa kijiji jirani ameshafika kwa Zarangez. Usihangaike, utakwama njiani."

"Nesi hamjui yule," Gulsifat akajibu. Alitembea saa tatu, theluji ikimfika magotini.

Alipoingia, mtoto wa kike alikuwa ameshazaliwa, analia kwa nguvu. Mama mkwe wa Zarangez, Nisormoh, akacheka. "Umechelewa, mwanangu! Kazi imekwisha. Kaa unywe chai."

Gulsifat hakukaa. "Zarangez, u hali gani?"

"Mzima tu, dada. Nimechoka."

Zarangez hakumtania Gulsifat hata kidogo. Siku zote humtania. Gulsifat akafunua blanketi. Godoro lilikuwa limelowa damu.

"Kondo la nyuma limetoka lote?"

"Lote, nililikagua," nesi akasema.

"Sindano ya kukaza kizazi. Haraka!"

Nesi alimchoma, Gulsifat akasugua tumbo. Damu haikukoma. Akavaa glavu, akaingiza ngumi ndani, na kwa mkono wa pili akakandamiza tumbo kutoka juu, kizazi kikabanwa katikati. Shodmon, mume wa Zarangez, alisimama mlangoni akilia.

"Shodmon, machozi baadaye! Kusanya wanaume, leteni ngazi ya kumbebea!"

Zarangez alikuwa anafumba macho.

"Nitukane, dada! Sema lolote!" Gulsifat akamwambia.

"Viatu vyako... kama vya mchunga mbuzi," alinong'ona.

"Endelea!"

Baada ya karibu nusu saa kizazi kikakazika, damu ikapungua. Wanaume kumi na wawili wakambeba kwa ngazi, wakavuka theluji hadi upande wa pili, gari la hospitali liliposimama. Aliongezewa damu chupa mbili, akapona.

Gulsifat aliporudi nyumbani kwa Zarangez hakuweza kushika kikombe, vidole vimekufa ganzi. Nisormoh akamega mkate, akauchovya kwenye chai, akamlisha tonge kwa tonge.