Ndege ya Jeti Iliyokuwa na Propela

Chai yenyewe waliileta na maziwa kando, katika kijagi kidogo kama cha kumnyweshea mtoto dawa, na hapo nikajua mahali hapa patanichefua. Wewe rafiki yangu uliyekulia huku juu unajua chai ni nini. Chai huchemshwa pamoja na maziwa mpaka ipande, ishuke, ipande tena. Hii ilikuwa maji ya rangi. Aliyeileta alikuwa kijana mdogo, amevalishwa kanzu nyeupe, mkanda mwekundu kiunoni na tarbushi nyekundu kichwani. "Karibu mzee, enjoy," akaniambia.

Mjukuu wangu anayefanya kazi Nakuru ndiye aliyenipeleka. Alikuwa amesikia kwamba ile nyumba ya mzungu nje ya Elburgon, ambayo baba yangu alikuwa mpishi wake, imegeuzwa hoteli, akafikiri nitafurahi kuiona tena. Simlaumu. Hakujua kwamba baba alivaa kanzu kama hiyo, na kwamba kila jioni aliivua nyuma ya nyumba yetu, akaikunja, ndipo akaingia kutusalimu. Hakutaka tumwone nayo. Leo wanavalishwa vijana ili wageni wapige picha. Na kikapu cha kuchumia maua ya pareto, kilichompinda mama yangu mgongo, wamekitundika ukutani kama saa.

Halafu, juu ya mahali pa moto, ndani ya sanduku la kioo, nikaiona ndege yetu.

Ilikuwa ndogo kuliko nilivyoikumbuka, rangi yake imefifia kama sufuria ya zamani. Kando yake kulikuwa na kadi iliyosema kwa Kiingereza kwamba ndege hiyo iliundwa na mtoto wa mwenye shamba kwa mikono yake mwenyewe. Uongo. Yule mtoto hakuigusa, ila kuitupa. Tuliiunda sisi, na ushahidi ulikuwa palepale puani mwake.

Wazungu wa shamba letu waliondoka nikiwa darasa la pili. Baba aliachiwa funguo alinde nyumba mpaka apatikane mnunuzi. Nyuma ya jikoni kulikuwa na shimo la taka, na memsaab, mke wa mzungu, alikuwa ameamuru kila kisichoingia kwenye masanduku ya safari kitupwe humo. Ulikuwa mwezi wa mvua, shimo linanuka majivu yaliyolowa, na mimi nilishinda humo kama kuku. Ndimo nilimopata boksi la karatasi ngumu lenye picha ya ndege ya fedha ikipasua mawingu. Mkia wake uligawanyika mara mbili, ukaunganishwa nyuma kwa ubao, kama mikono ya mkokoteni. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki bado vimeshikana na vijiti vyake, na tyubu ya gundi iliyobaki nusu.

Nyumba ya nyanya yangu ilikuwa kando ya kiwanda cha mbao. Kama hukuwahi kuishi karibu na msumeno mkubwa siwezi kukueleza. Unalia kutwa, na king'ora kikipigwa jioni, ukimya unakuumiza masikio. Kazi yetu watoto ilikuwa kuokota mabanzi, yale maganda ya magogo ambayo kiwanda hakiyataki, tuyalete nyumbani kwa kuni. Nyanya aliyakagua kabla hayajaingia motoni. Yaliyonyooka aliyaweka kando, akayachonga miko ya kusongea ugali na kuiuza siku ya soko. Kwa hiyo kwake kulinuka moshi, githeri ya mahindi na maharagwe, na vumbi jekundu la mutarakwa, ule mti wenye harufu ya penseli mpya.

Siku niliyofungua ile gundi alitoka nje akikohoa. "Toa hiyo kitu hapa. Inanuka kama dawa ya kuogeshea ng'ombe." Alisema kweli. Ilikuwa harufu tamu ya kutapisha, na nilivyoipenda!

Maagizo yalikuwa ya Kiingereza, nikampelekea mwalimu. Mwalimu alifurahi kuliko mimi. Akanieleza kwamba hiyo ni ndege ya kivita ya Waingereza, miongoni mwa jeti zao za kwanza kabisa, na kwamba inameza hewa mbele na kuitema nyuma ikiwa moto. Nikakimbia na habari hiyo mpaka kwa Nyanya. Yeye ndege aliyoijua ni ile ya kunyunyizia ngano dawa, iliyopita chini mpaka kuku wakajificha, na alikuwa ameitazama vizuri kama alivyotazama kila kitu.

"Haina ile kitu ya kuzunguka puani?" akaniuliza.

"Haina, Cucu. Mwalimu anasema inasukumwa na hewa inayotoka nyuma."

Akaweka kisu chini. "Yaani inajamba ndio iende?"

"Cucu!"

"Basi ng'ombe wote wa mzungu wangekuwa wamefika Nairobi."

Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, naye alipoambiwa akakaa chini akacheka na sisi. Tangu siku hiyo jirani huyo hakunipita njiani bila kuniuliza, "Kijana, ng'ombe wamefika wapi leo?"

Lakini Nyanya hakuliachia jambo hapo. Ndege bila propela kwake ilikuwa kitu kilichosahauliwa kumaliziwa, kama sufuria isiyo na kitako, na aliamini ndiyo sababu mzungu aliitupa. Nilipomaliza kuiunganisha, akachagua kipande cha mutarakwa, akachonga propela ya urefu wa kidole changu cha mwisho, mwiko wenye kichwa huku na huku. Mabawa yake aliyapinda kidogo, kila moja upande wake, kwa sababu alikuwa ameona yale ya ndege ya ngano yamepindwa. Akachomoa ushanga mmoja kwenye pambo la sikio lake, akaupachika katikati kwa pini, akaitia puani mwa jeti ya Waingereza. Akapuliza. Ikazunguka mpaka hatukuiona.

"Sasa hii ni ndege," akasema. "Ile ya mwalimu ni ya kuwekwa kabatini."

Tulikimbia nayo malishoni, mkono juu, upepo wa Mau ukiizungusha na kuifanya ilie kama nyuki. Sijawahi kumiliki kitu kizuri kama hicho tangu siku hiyo. Mvua ilipozidi, baba aliichukua akaiweka juu ya mahali pa moto katika ile nyumba tupu, mbali na kuku na moshi wetu. Kisha mnunuzi akaja na lori lake na mpishi wake mwenyewe. Baba akarudisha funguo, tukahamia upande wa Olenguruone, na ndege ikabaki. Hakuna aliyethubutu kubisha mlango huo kuomba kitu cha kuchezea.

Nyanya alifariki nikiwa sekondari. Hakupigwa picha hata moja maishani mwake. Kipande, yaani kitambulisho, kilikuwa cha wanaume, naye studio ya Nakuru angekwenda kufanya nini? Miko yake ilichakaa ikaingia motoni kama miko yote. Sasa unaelewa nilichokuwa nakitazama ndani ya kioo kile. Ushanga ulikuwepo, wa buluu. Kilikuwa kitu pekee kilichobaki duniani ambacho mkono wake ulikigusa.

Na nikafanya nini mimi mzee mzima?

Kulikuwa na wageni wa kutoka Nairobi wamesimama hapo, na mmoja akacheka. "Hii kijiti ya puani ni ya nini sasa?" Meneja, kijana wa suti ya kubana, akanigeukia. "Mzee, wewe ndio wa enzi hizo. Hebu tusaidie." Wote wakanitazama. Nilivaa koti langu la kanisani. Nikasafisha koo, nikasema kwa Kiingereza changu cha shule kwamba hiyo ni jeti, kwamba jeti haihitaji propela, na kwamba aliyeiweka alikuwa mtu asiyejua kitu.

Nilisema hivyo. Asiyejua kitu.

"Wueh! Mzee ni profesa!" meneja akasema, wageni wakapiga makofi, mjukuu wangu akanipiga picha nikiwa nimeinua kidole. Nilikuwa na nia ya kuendelea, niwaambie ni nani. Lakini baada ya makofi yale ningewaambiaje kwamba asiyejua kitu ni nyanya yangu? Nikarudi kwenye kiti nikala keki yao yote. Ilikuwa kavu, inanata kwenye kaakaa, na niliimeza kwa raha. Vijana wale na kanzu zao walinichefua, ndiyo. Lakini hakuna kilichonichefua siku ile kama mdomo wangu wenyewe, na hilo nililijua nikiwa njiani kurudi.

Nilimweleza mjukuu tulipokuwa tukikaribia Salgaa, malori yamejipanga pande zote za barabara.

"Guka, si ungesema tu?" akaniuliza.

"Turudi Jumamosi nitasema," nikamjibu. "Niwaombe ile propela. Ndege wabaki nayo."

Tukarudi Jumamosi. Meneja alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Profesa! Kuja uone." Ndege iling'aa kama kijiko. Walikuwa wameita fundi wa kupaka magari rangi kutoka Nakuru, akaziba tundu la puani, akaipiga msasa na rangi ya fedha. Pua laini kabisa, kama ile ya kwenye boksi.

"Tuliitoa ile kijiti, vile ulisema," akaniambia kwa furaha.

"Iko wapi?"

"Iliingia taka, mzee. Kwani ilikuwa ya maana?"

Nikamweleza yote, mpaka ushanga. Alinisikiliza kwa adabu, ile adabu ya kumsikiliza mzee unayeshuku anatafuta chakula cha bure. "Pole sana, mzee. Basi chai ya leo ni juu yetu." Kadi ilikuwa palepale. Mtoto wa mwenye shamba, kwa mikono yake mwenyewe.

Shimo la taka bado liko nyuma ya jikoni. Halijasogea hata hatua. Nilisimama ukingoni nikichokora kwa bakora yangu. Maganda ya mayai, karatasi za kupangusia midomo, chupa za plastiki zilizoyeyuka zikashikana, mafuta ya kukaangia yaliyooza yakielea juu ya majivu. Mjukuu wangu aliingia ndani na viatu vyake vyeupe bila kuambiwa, akainama akapekua mpaka mikono ikawa myeusi. Nilivuta pumzi kutafuta ile harufu ya penseli. Harufu ilikuwa ya plastiki iliyoungua tu, ileile ya gundi, ya kutapisha, na safari hii sikuipenda.

Tulipokuwa ndani ya gari, akipangusa vidole, akaniuliza, "Alikuwa anakaaje sura, huyo Cucu wako?"

Nikamtafuta akilini. Uso haukuja. Nikainua mkono, nikaachanisha kidole gumba na cha shahada kidogo tu, nikamwonyesha urefu wa propela.