Mbuzi wa Misheni

Ule ulikuwa mwaka wa ugali wa njano. Ukimuuliza mtu wa rika langu huku Ufipa hatakutajia tarakimu, atakuambia tu ule wa njano, na uso wake utabadilika. Sisi ndio tuliokuwa tukilisha wengine. Malori yalitoka Laela yameinama kwa mahindi yetu meupe, na nyumbani tulikula ugali wa ulezi, mweusi, mzito, ukila asubuhi unakushika mpaka jua linazama. Halafu serikali ikatuhamishia kijiji kipya cha ujamaa. Tuliacha mashamba na mazao yake machanga, tukapangwa kando ya barabara kama magunia, na msimu uliofuata tukasimama foleni na mabakuli kungoja unga wa msaada, wa njano, unaonuka stoo. Watoto waliuita ugali wa mayai ili wapate kuumeza. Mimi niliumeza bila kuupa jina.

Mwaka huohuo ndipo mashine ya kukatia majani ilipoingia kijijini kwetu. Sisemi ile ya kusukuma kwa mikono. Hii ilikuwa ya kupanda, ina kiti cha chuma, usukani, magurudumu manne, na tumboni kisu kimoja kirefu kinachozunguka. Ilikuwa ya misheni, ya kukatia majani mbele ya kanisa. Bruda mmoja Mzungu aliyeitunza alipozeeka na kurudi kwao, mapadri wakaitoa iwe mchango wao kwa kijiji kipya. Ilikuja pamoja na dereva wake, maana dereva alikuwa mume wangu. Watu wakaiita Mbuzi wa Misheni, kwa kula majani.

Mume wangu alifundishwa na yule bruda, na alichofundishwa alikileta nyumbani akikisema kama rozari. Ndiyo maana mimi, niliyeacha shule darasa la pili, nayajua mambo ya mashine ile mpaka leo. Alikuwa analitembelea kwanza eneo zima kwa miguu, fimbo mkononi, akipapasa majani na kutoa mawe na visiki, kabla hata ya kugusa kiti. Petroli hakuitia injini ikiwa ya moto. Alikaa pembeni akasubiri ipoe huku watu wakimcheka. Kwenye mteremko alipanda na kushuka moja kwa moja, hakukata mkingamo, kwa sababu mashine ile ilikuwa nyepesi upande mmoja, inabiruka. Watoto wakiomba awapakie aliwafukuza kwa matusi. Na juu ya yote, hili alilisema hata wakati wa kula: usishuke kwenye kiti mpaka injini izimwe na kisu kinyamaze. "Kisu hakina macho, mama watoto," alikuwa ananiambia. "Hakijui jani wala mguu."

Kulikuwa na mkono wa kukitenga kisu na injini, kitulie chenyewe mashine ikiendelea kuunguruma, lakini mkono huo ulivunjika tangu misheni na spea haikupatikana. Kwa hiyo kukinyamazisha kisu ilikuwa lazima uzime.

Kukinoa ilikuwa kazi yangu. Sijisifu bure. Mimi ni mjukuu wa wafua chuma, watu waliosimamisha tanuru za udongo ndefu kuliko nyumba, na majembe yao yalivuka mpaka. Tupa naishika kama wengine wanavyoshika mwiko. Mume wangu alichomoa kwanza waya wa plagi, akafungua kisu, akaniletea uani. Nilikinoa pande zote mbili, kisha nikakitundika kwenye msumari ukutani kwa lile tundu lake la katikati. Kikiinamia upande mmoja, upande huo ni mzito, naupunguza kidogo, natundika tena, mpaka kinalala sawa. Siku moja niliugua, wakampa kijana wa karakana akinoe. Mbuzi akatetemeka kama mtu mwenye homa, bolti zikalegea. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu. Wanawake walinisalimia "fundi" na mimi nilivimba kichwa, niseme ukweli, nilivimba.

Sasa nieleze habari ya betri.

Kijiji kilikuwa na redio moja, ya ofisini. Betri za kawaida zilikuwa zimeadimika madukani, pamoja na sabuni na chumvi. Siku hiyo kulikuwa na hotuba kubwa itakayosomwa, na mwenyekiti wa kijiji alitaka watu wote wasikie. Mwenyekiti huyu alikuwa rika la mume wangu, walichunga wote ng'ombe utotoni, mimi aliniita shemeji. Akasema, "Si Mbuzi ana betri?" Mume wangu mwenyewe akaifungua. Akaibeba begani kama mtoto wa ubatizo, akaiunga na waya kwenye redio, ikaimba. Tulikaa uwanjani wote, mimi nikiwa mbele nisikie vizuri. Hakuna aliyesema vibaya. Tulifurahi. Betri ikabaki hukohuko kwenye redio, maana baada ya hotuba kulikuwa na taarifa ya habari, na baada ya taarifa kulikuwa na kwaya, na nani angeizima redio ya kijiji?

Basi Mbuzi akawa anawashwa kwa kamba. Kamba inazungushwa kwenye gurudumu la injini, wanaume wanavuta, wanapokezana, wanatukana, jasho linawatoka, na injini inakohoa na kulala. Asubuhi nzima inaweza kupita hivyo. Ikishawaka, hakuna anayetaka izimwe. Sheria ya bruda ikaanza kufa hapo, na wala hatukuiona inakufa.

Ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa anakuja kukiona kijiji. Mwenyekiti akachagua mahali pa mkutano, ng'ambo ya ofisi, mahali palipoonekana tambarare. Hapakuwa tambarare. Palikuwa shamba la zamani la watu waliohamishwa, na mkulima wa Ufipa hafanyi matuta marefu ya mstari. Tunafanya intumba, vichuguu vya mviringo. Majani tunayafukia ndani yaoze, yapate kulisha maharage, kisha ulezi. Shamba likiachwa, intumba zinabaki, majani yanazifunika juu, na wewe unaona uwanja laini kumbe chini ni migongo mitupu. Kila mmoja wetu alilijua hilo. Tulizilima maisha yetu yote. Lakini tulikuwa tumezoea kuona intumba kwa macho ya jembe. Hakuna aliyeziona kwa macho ya gurudumu.

Ilikuwa masika, na majani yalikuwa mabichi, yamelowa. Na kwa sababu ilikuwa masika, sisi wanawake tulifuata nyuma ya mashine na vikapu. Jani lililokatwa kwetu si taka, ni chakula cha shamba. Kila mmoja alitaka lake akafukie. Tulikuwa tunang'ang'ania na kucheka.

"Shemeji, taratibu!" mmoja alimpigia kelele mume wangu. "Usitukate vidole, bado tunavihitaji kwa ugali wa mayai!"

"Vidole vyako mwenyewe vya njano," mwingine akamjibu. "Mbuzi akivila atatapika."

Mume wangu alicheka juu ya kiti. Hakuwa amepita na fimbo. Wavuta kamba walikuwa wameiwasha kwa taabu, wakamwambia panda haraka isije ikalala, akapanda.

Gurudumu la mbele lilipanda kichuguu, la nyuma likazama kwenye mfereji kati ya vichuguu, likaanza kuzunguka palepale kwenye tope. Majani mabichi yakajaa tumboni mwa mashine, sauti ikawa nzito. Nilimwona anatazama injini. Niliona mkono wake unakwenda kwenye kizimio, kisha unarudi. Mwenyekiti alikuwa kando, akapaza sauti, "Usizime! Ukizima leo hatuiwashi tena!" Hakusema kwa ubaya. Alisema tulichokuwa tunakifikiri sote, na mimi na kikapu changu nikiwemo.

Mume wangu akashuka. Akaweka mguu mmoja kwenye bati lililofunika kisu, akasukuma ili gurudumu litoke. Mashine ikateleza, ikarudi nyuma, bati likainuka, na mguu ukaingia chini yake.

Sitaeleza sauti ile. Nitasema tu kwamba kisu hakikukwama. Nilikuwa nimekinoa vizuri.

Lori la unga wa njano ndilo lililompeleka Sumbawanga. Lilikuwa limeshashusha, likawa linarudi tupu. Tulimlaza kwenye magunia matupu, nami nikakaa nikiwa nimelishika paja lake kwa kanga niliyoikaza. Barabara ya masika mnaijua. Kila shimo aliniuliza, "Upo?" nami namjibu nipo. Tulipofika hospitalini nywele zake zilikuwa za njano kwa vumbi la unga, na muuguzi alidhani ni mzee. Wakaukata mguu juu ya kifundo. Hawakuwa na la kufanya, nyama ilikuwa imesagika.

Alirudi nyumbani na fimbo mbili za kwapani. Kwa jembe la Kifipa unalima kwa kusimama imara na kugeuza udongo mzito pamoja na majani yake. Mwenye mguu mmoja anageuza mara moja, anaanguka. Alijaribu. Nilimkuta shambani amelala kifudifudi juu ya intumba, hajaumia, amelala tu, hataki kuinuka. Nikakaa pembeni mpaka alipotaka mwenyewe.

Mgeni mkubwa alikuwa ameahirisha. Sasa ikaja habari kwamba safari hii anakuja kweli. Mwenyekiti akaja uani kwangu na gunia. Ndani yake mlikuwa na kisu. Kilikuwa kimegonga jiwe baada ya mguu, ncha imepinda, na walikuwa wamekiosha. Hilo ndilo lililonipanda kichwani, kwamba walikiosha.

"Shikamoo" hakunipa, tulikuwa rika. Alikaa kwenye kigoda, kofia mkononi.

"Shemeji, pole na mgonjwa."

"Nimeshapoa."

"Betri tumeirudisha. Nimeitoa mwenyewe kwenye redio."

"Vizuri. Mngeitoa mapema."

Akainamisha kichwa. "Unajua hakuna mwingine wa kukinoa. Na nimefikiri habari ya ndugu yangu. Ile kazi ni ya kukaa, shemeji. Mguu mmoja unatosha. Kisu kikiwa sawa, kiti ni chake, hakuna atakayemgusa. Atakuwa dereva wa kijiji mpaka azeeke."

Nilimwambia, "Sikinoi. Hata malaika ashuke anishikie tupa, sikinoi."

Aliacha gunia hapo uani, akaenda.

Niseme kabisa yaliyofuata, msije mkangojea mazuri. Mgeni alikuja, akahutubia kwenye majani yaliyofyekwa kwa mikono na watoto wa shule, akala kuku, akaondoka. Mbuzi aliozea nyuma ya ofisi, kuku wakawa wanataga chini ya kiti. Mume wangu hakupata kazi nyingine ya kijiji. Alikaa mlangoni miaka yote iliyobaki akisuka vikapu ambavyo hakuna aliyevihitaji, na kila asubuhi alinisalimia kwa adabu, kama mpangaji anavyomsalimia mwenye nyumba. Hakunipiga, hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alikufa hivyo. Wajukuu wangu wa mjini wananiambia, bibi, si ungekinoa tu, betri ilikuwa imerudi, angezima, angekuwa salama. Labda. Na mimi nimeshawaza hivyo nikipepeta, nikipika, nikiwa kanisani. Lakini wao hawakulishika paja lile ndani ya lori.

Siku ile mwenyekiti alipoondoka, mume wangu alikuwa amesikia yote kutoka ndani. Alitoka taratibu na fimbo zake, akajishusha chini karibu na gunia. Akakitoa kisu. Akakiweka mapajani na kukifuta kwa kiganja, kile kilichomla.

"Mama watoto," akasema, "msumari bado upo ukutani."

Nikainamia jiko nikachochea moto.

"Nitatembelea eneo kwanza. Na fimbo ninazo, si unaona, ninazo mbili." Akajaribu kucheka. "Nitazima kila mara. Hata wakinipigia kelele wote, nitazima. Nakuapia kwa rozari ya mama yangu."

"Ulijua yote hayo siku ile pia."

"Nilijua." Akakigeuza kisu mapajani. "Unajua kinachoniua? Si mguu. Asubuhi watu wanapita hapa na majembe wananiambia pumzika, mzee, pumzika. Nimechoka kupumzika. Nipe kile kiti. Mimi bila kile kiti ni mtu gani hapa kijijini? Nikiwa pale juu, hakuna anayeona kwamba sina mguu."

Akanyoosha mkono akainyakua tupa yangu kwenye mawe ya jiko, akanishikisha, akavikunja vidole vyangu juu ya mpini wake kimoja kimoja, kama unavyomfundisha mtoto kushika kijiko. Viganja vyake vilikuwa vya moto. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hayafuti. Nilimpenda mtu yule. Niliona wazi anachokiomba, na niliona hana kingine cha kuomba duniani.

Niliiweka tupa chini.

"Sikinoi," nilimwambia. "Hata malaika ashuke anishikie tupa, sikinoi."