Mlinzi Mkuu wa Nyuki Pikipiki

Itangazwe kwa wananchi wote, kuanzia vilima vya Iringa hadi soko la Uyole, wenye mizinga na wasio na mizinga, kwamba Nyanda za Juu Kusini zimempata Mlinzi Mkuu wa Nyuki wa Porini. Wananchi wasimame. Kofia zivuliwe. Mlinzi mwenyewe hatasimama, kwa kuwa yuko uani kwake Rujewa anakamua pasheni, na akisimama nzi wataingia kwenye ndoo.

Jina lake Minza. Wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka Usukumani, wakaiona mbuga ya Usangu, wakasema ni hapa hapa. Ng'ombe wakaisha, Minza akabaki. Siku hizi anawauzia juisi wapakiaji wa mashine za mpunga, watu wenye kiu isiyo na adabu. Pasheni zake za njano zinatambaa juu ya uzio uliopo kati ya nyumba yake na jiko la kanisa. Uzio huo ndio shamba, ndio duka, ndio pensheni.

Na nyuki pikipiki ni nani? Ni yule mkubwa, mnene kama ncha ya kidole gumba, mweusi, anayetoboa boriti tundu la duara kabisa huku akinguruma kama pikipiki isiyo na ekzosi. Wataalamu humwita nyuki seremala, ingawa seremala huyu hajawahi kuahidi kitanda Jumamosi akakileta Pasaka.

Sasa usidhani mlinzi wetu alizaliwa mlinzi. Mwaka wa kwanza wa pasheni zake alisimama chini ya paa la jiko la kanisa na kandambili mkononi, akimtandika kila mweusi aliyechungulia tunduni. Wale wa rangi ya dhahabu aliwaacha.

"Hawa ni wa asali," alisema, kwa uhakika wa mtu ambaye hajauliza popote. "Weusi ni wezi wa mbao."

Maua yakafunguka, mazuri kama ya harusi, yakaanguka bila kuacha tunda. Minza akamshuku jirani mwenye jicho baya. Kisha akamshuku jirani wa pili, maana wa kwanza alikuwa amesafiri.

Jirani wa tatu aliokolewa na Mercy, bibi shamba wa kata. Mercy alikaa kwenye uzio mchana wa jua kali, akatazama nani anaingia na nani anatoka, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Mayu Minza," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "hao wa dhahabu ni madume."

"Madume ya nani?"

"Ya hao weusi. Ni waume zao! Wanang'aa, wanapiga kelele, hata mwiba hawana. Anayetoboa mbao, anayelea watoto, anayebeba chavua ua kwa ua, ni mweusi. Ua la pasheni ni kubwa, nyuki mdogo anapita chini hagusi kitu."

Minza akaitazama kandambili yake. "Kwa hiyo nimeua wanawake, nikabakiza waume."

"Ndiyo, mayu."

"Basi ndiyo maana hakuna kazi iliyofanyika."

Kandambili ikarudi mguuni. Weusi wachache walionusurika wakazaana, na pasheni zikashika mpaka uzio ukainama. Minza akaanza kuwatambulisha nyuki kwa wapita njia kama mtu anayetambulisha wakwe: huyu mwenye mikanda ya njano mgongoni ni wa hapa jikoni, yule mwenye manyoya meupe ubavuni ni ukoo mwingine kabisa, hawasalimiani.

Ndipo kanisa likapata mbao mpya kutoka Mafinga. Kamati ya ujenzi ikaamua boriti kuukuu za jiko, zilizotoboka kama filimbi, zing'olewe na kupigwa mnada Jumapili ya mavuno, pamoja na kuku na maboga. Ndani ya boriti kulikuwa na ukoo mzima, mama na watoto. Na mnunuzi alijulikana: Brayson, mchoma matofali, mtu wa Uyole, ambaye tanuru lake lilikuwa limeshapangwa, linasubiri kuni tu. Boriti zikiingia humo, pasheni za Minza nazo zimekwisha.

Baada ya ibada, mzee wa kanisa Kashindye akaushika mnada uwanjani.

"Boriti! Kavu! Zimevuta pilau ya Pasaka kuliko ninyi nyote!"

Brayson akataja dau. Minza akapandisha. Brayson akapandisha tena.

"Mama, unajenga ghorofa?" akamuuliza.

"Nahamisha wapangaji," Minza akajibu, akapandisha tena.

Watu wakaangua kicheko. Brayson akakuna kichwa, akaacha kupandisha, na boriti zikamwangukia Minza. Kwa furaha akainua mikono yote miwili juu. Kosa! Katika mnada wa mavuno, mshindi mwenye moyo wa ibada huinua mikono kuirudisha mali kanisani, nayo hunadiwa upya. Kashindye akaruka: "Amerudisha! Mama wa imani! Tunaanza tena!"

Minza, ambaye mfuko wake ulikuwa umeshakauka, akaenda akakalia boriti.

"Sijarudisha."

"Mama, umeinua mikono mbele ya nyumba ya Bwana."

"Nilikuwa nashukuru kwa kupewa. Nirudishe vipi kabla sijamaliza kushukuru?"

Waumini wakagawanyika. Wengine walikuwa na njaa, wakataka yaishe. Brayson hakusubiri theolojia. Akainua ncha ya boriti moja. Ndani kukanguruma. Dume la dhahabu likatoka tunduni, likasimama hewani sentimita chache kutoka puani mwake, likimtazama kama askari wa barabarani.

"Usipumue," Minza akamwambia kwa upole. "Huyo ndiye mkali wao."

Kule nyuma Mercy akajiziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Brayson akapumua, dume likamfuata, naye akakatiza juu ya maboga ya mavuno bila kuaga. Kashindye, akinadi sasa kutoka nyuma ya mti, akatangaza kwamba boriti ni za Minza, tena azichukue leo leo.

Sasa zimefungwa kwenye uzio, chini ya bati, na pasheni zimezifunika. Juzi walikuja wapenzi wa wadudu kutoka Iringa, wanaoandaa kijitabu cha kutambua nyuki wa porini. Kiongozi wao, Marcelino, akajisogeza chini ya uzio na kinasa sauti na kumtangazia Minza, kwa sauti ya msibani, kwamba kwa niaba ya vizazi vijavyo wamemteua kuwa Mlinzi Mkuu.

"Mama, una neno gani kwa taifa?"

Minza akamtazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Toa mguu. Umekanyaga mche."