Kitu cha Angani pale Mchikichini

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninyooshe mkono nipime mnara wa msikiti. Nilikuwa nimeripoti asubuhi, nimevaa kiraia kama nilivyoagizwa, kwenye ghorofa kuukuu katikati ya jiji, juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Kwa miaka yote niliyopanda ngazi zile, mzee wa dukani hakuwahi kuniuliza huko juu tunafanya nini. Alinisalimia tu, akaendelea kukunja vitambaa vyake. Nilimtilia shaka tangu siku ile ya kwanza, maana mtu asiyeuliza ama hajali, ama keshajua.

Luteni aliyetufunza alinisogeza dirishani. "Kunja ngumi, nyoosha mkono mpaka mwisho, fumba jicho moja. Ngumi moja ni nyuzi kumi za anga. Mnara ule una ngumi ngapi?"

"Moja na nusu, afande."

"Vizuri. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutomwamini mtu yeyote, wewe mwenyewe ukiwemo."

Sehemu yetu ya jeshi ilipokea taarifa za vitu vya angani visivyotambulika. Najua vijana wa siku hizi mkisikia hivyo mnafikiria viumbe wenye vichwa vikubwa na macho ya bundi. Sisi viumbe hatukuwa na nafasi nao. Hofu yetu ilikuwa ndege ya mtu mwingine kuja kupiga picha bandari yetu. Mwananchi akiona kitu angani, alimwambia balozi wake wa nyumba kumi, balozi akapeleka ngazi za juu, na mwisho wa safari taarifa ilitua mezani kwetu. Nyingi zilikuwa puto za watu wa hali ya hewa, au nyota ya Zuhura ikionekana kabla ya jua kuzama vizuri, au tiara iliyokatika uzi. Kazi yangu ilikuwa kwenda kwa aliyeona, nimhoji.

Kuhoji shahidi kulikuwa na miiko yake. Usimpe shahidi neno: akisema "kitu", nawe sema "kitu", usimwambie "ndege", maana kesho ataapa kwamba aliona mabawa. Shahidi mmoja hatoshi. Shahidi aliyemsikia mwenzake akisimulia hafai tena, tulisema amechafuka. Na mwiko mkubwa kuliko yote ulikuwa kurudi. Unamhoji mtu leo, unamrudia wiki ijayo, unamrudia tena, unamuuliza yaleyale kwa kuyageuza. Luteni alisema anayetunga husahau alichotunga.

Nilipangiwa kwanza mpakani, chini ya Kapteni mmoja aliyeamini kila nyota ni jasusi. Alituamsha kambi nzima kwa ajili ya Zuhura, si mara moja, na ukimweleza kwamba ile ni nyota ileile ya jana alikukazia macho kana kwamba nawe umetumwa. Baadaye nilipelekwa visiwani, na hatimaye nikarudishwa Dar es Salaam nikiwa Sajenti, ghorofani juu ya vitambaa.

Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Bidhaa zilikuwa zimerudi madukani baada ya miaka ya foleni, Kariakoo ilikuwa imejaa redio na sufuria za nje, na pale Mchikichini mitumba ililundikwa mpaka njiani. Lakini watu walikuwa hawajasahau msako wa walanguzi. Walikumbuka jirani aliyechukuliwa kwa katoni mbili za sabuni zilizokutwa uvunguni. Ukiingia sokoni ukauliza swali lolote, hata bei, kabla hujajibiwa unatazamwa viatu. Suruali yangu ilikuwa ya kiraia, ila nilikuwa nimeipiga pasi kijeshi, na viatu vyangu viling'aa kuliko vya mtu yeyote Ilala. Nilidhani hawanijui mimi ni nani. Walijua kabla sijavuka barabara.

Taarifa ilikuwa ya Mama Rehema, muuza makoti na sweta. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti iliyozoea kunadi. Alisimulia kwamba alasiri moja alikuwa ananing'iniza makoti aliyoyafua kwenye kamba nyuma ya meza yake, upande wa bonde la Msimbazi, akaona kitu cha rangi ya bati kimesimama juu ya bonde.

"Kama mfuniko wa sufuria," alisema. "Hakina mlio. Kimesimama tu. Halafu kikaenda."

"Kilielekea wapi?"

"Kule, baharini. Na upepo ulikuwa unatoka hukohuko baharini, maana makoti yalikuwa yananipiga usoni. Sasa mfuniko gani unaenda dhidi ya upepo, afande?"

Nilimwambia anyooshe ngumi. Alinitazama kwa mashaka, lakini akanyoosha. Ngumi tatu. Nikamuuliza kwa nini alikwenda kwa balozi, wakati wengine wangenyamaza.

"Niliogopa kitawaangukia watu," akajibu.

Sikumwamini, wala haikuwa kazi yangu kumwamini. Nikazunguka meza za jirani kutafuta shahidi wa pili. Nilimuuliza Saidi, muuza viatu aliyepakana naye, kama kuna kitu chochote cha ajabu alichoona wiki ile. Sikuruhusiwa kutaja anga. "Mimi naona viatu tu, bosi," alinijibu. Aliyemfuata hakuona kitu. Mwingine alisema yeye hata sokoni ni mgeni, na huku nyuma yake mtu anamwita kwa jina la utani. Nikajua wananificha kitu.

Nilirudi mara ya pili kama miiko ilivyotaka, nikarudi ya tatu. Kila mara Mama Rehema alisimulia vilevile: mfuniko, kimya, upepo. Ila mara ya tatu alikuwa amebadilika yeye mwenyewe. Hakuniangalia.

Sokoni pale kulikuwa na desturi. Mtu akifungua belo, lile robota la mitumba lililofungwa kwa mikanda ya chuma, jirani zake wanaitwa wasimame kando, kila mmoja achague vipande viwili vitatu vinavyofaa meza yake kabla wateja hawajamiminika. Leo wewe, kesho mimi. Usipoitwa kwenye belo, umetengwa, na meza yako itabaki na makapi. Siku ile nilikuwepo Saidi alipofungua belo. Majirani wote waliitwa, Mama Rehema hakuitwa. Alijifanya anakunja sweta.

"Wanasema mimi kachero," aliniambia kwa sauti ya chini, machozi yakimlengalenga. "Wanasema nawauza kwako. Hata salamu yangu hawaitikii, nimekuwa kama mwizi kwenye meza yangu mwenyewe. Afande, waambie unachoniuliza. Neno moja tu."

"Siruhusiwi, mama. Ni siri."

"Siri ya nani? Mimi ndiye niliyeona!"

Nilimwonea huruma, nasema kweli, lakini nilimtilia shaka pia. Nilijiuliza kama machozi yale si ya mtu anayetaka kuninasa nitoboe siri. Ndivyo tulivyokuwa.

Nilipokwenda mara ya nne, hakunisubiri nimfikie. Aliniona kwa mbali, akapanda juu ya lundo lake la makoti kama wanavyofanya wanapotaka kunadi, akapiga makofi.

"Jamani! Jamani sikilizeni! Huyu hapa afande mnayemwona kila siku! Anataka kujua kitu kilichopita angani! Angani, hapo juu ya bonde, kama mfuniko wa sufuria, kikaelekea baharini! Hana habari na mabelo yenu, hana habari na leseni zenu! Mimi niliona, nikamwambia. Kosa langu ni hilo tu! Nani mwingine aliona?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Soko zima lilinigeukia. Siri ya jeshi ilikuwa inanadiwa pamoja na makoti, na sikuwa na la kufanya ila kusimama pale na viatu vyangu vinavyong'aa.

Wakatazamana. Kisha Saidi akaweka chini kiatu alichokuwa anakipiga brashi. "Mimi niliona," akasema. "Kama mfuniko wa sufuria. Kinang'aa." Muuza mashuka naye akasema aliona. Kisha mama wa nguo za watoto, kisha wengine, mpaka nikawa nashindwa kuandika. Wote walisema mfuniko, wote walisema kilielekea baharini. Hakuna hata mmoja aliyetaja upepo.

Nilirudi ofisini na shaka tele. Mkuu wetu wakati huo alikuwa Meja mmoja mpole, mwenye kikohozi kisichoisha. Nilimweleza kwamba mashahidi wale wamechafuka wote, wamesikia maneno ya mama yule kabla hawajasema. Nikaongeza kwamba nahisi kuna njama. Labda mfanyabiashara mkubwa wa Kariakoo anayewauzia mabelo amewafunza la kusema, ili tuhangaike na mbingu wakati yeye anapitisha mali yake chini.

Meja alikohoa, akapekua karatasi zangu. "Sajenti, unajua wanapunguza watu kila mahali?"

"Ndiyo, afande."

"Unajua ofisi hii imebakiza nini mpaka ifungwe? Kumebaki saini tu. Na wewe unaniletea soko zima limeona kitu mchana, halafu unataka nikifute?" Akagonga meza kwa kidole. "Andika hivi: kitu hakikutambulika. Mashahidi wengi, wa kuaminika."

Niliandika. Ofisi haikufungwa mwaka ule, wala uliofuata. Yule mfanyabiashara wa Kariakoo nilimfuatilia miezi kadhaa, nikanunua kwake mashati nisiyoyahitaji, sikupata kitu. Nilihamishiwa stoo ya vifaa, nikawa nahesabu matairi badala ya kupima anga, mpaka nikastaafu.

Sasa jeshi limeyatoa majalada ya ofisi yetu. Wanasema yameondolewa siri, mtu yeyote asome. Sijui kwa nini yametolewa sasa, na sipendi kutojua. Kijana mmoja mwandishi alinipigia simu. "Shikamoo mzee. Wewe ndiye afande wa ripoti ya Mchikichini? Mzee, ile ni hatari! Soko zima mchana kweupe! Watu mtandaoni wanaisifia kinoma." Nilimwitikia marahaba nikakata simu. Namba yangu kaipata wapi?

Nikaenda kumtafuta Mama Rehema, nijue kama naye amesumbuliwa. Siku hizi ana fremu ya duka Kariakoo pamoja na binti yake, wanauza mapazia. Amezeeka, lakini sauti ni ileile. Alinitambua kwa viatu.

Nilimsomea ripoti pale pale mlangoni. Nilipofika kwenye "mashahidi wengi, wa kuaminika", alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wengi gani, afande? Alasiri sokoni, kila mtu kainamia meza yake, nani atatazama juu? Hakuna aliyeona."

"Saidi alisema aliona."

"Saidi wiki niliyokiona alikuwa Tanga, msibani. Mimi ndiye niliyemlindia meza."

Nikabaki nimeishika ile karatasi. "Sasa kwa nini walisema?"

"Waliona haya. Walinitenga, kumbe sikuwauza. Sasa ningesimama juu ya makoti peke yangu, niitwe mwendawazimu mbele yako? Saidi akasema, na wengine wakamfuata. Kesho yake walinifungulia belo, nikachagua wa kwanza kabisa. Nililia siku ile, afande."

Miaka yote ile nilishuku jasusi, nilishuku mlanguzi, nilishuku hata mzee wa vitambaa. Kwamba watu wanaweza kudanganya ili mwenzao asidhalilike, hilo halikunipitia akilini hata siku moja. Hakuna Luteni aliyelifundisha. Na sasa vijana wanausifia uongo ule duniani kote, na mimi ndiye niliyeuandika.

"Na wewe je?" nikamuuliza. "Uliona?"

Kicheko kikakatika. "Mimi nilikwambia siku ya kwanza. Ukarudi ya pili, ukarudi ya tatu, unanigeuzageuza kama koti lenye tundu. Waliodanganya uliwaandika siku moja. Mbona hao hukuwarudia?"

Niliikunja ile karatasi. Watu walipita na vifurushi vyao, wakatupisha.

"Nakuamini, mama," nikasema.

"Leo?"

"Leo."

"Bila shahidi wa pili?"

"Bila shahidi wa pili."

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayekagua kitambaa kutafuta mshono mbaya. Kisha akavuta kiti, akakipangusa vumbi kwa kanga yake, akaniambia niketi.