Baba Yangu Hakuwa Mlevi

Alasiri moja haijanitoka akilini mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nasikia harufu ya nta. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi katika ukumbi wetu wa ndondi hapa Chaani, mikono imefungwa bendeji, na mbele yangu alikuwa mgeni mwenye kamera. Akaniuliza kwa upole sana, "Nini kilikuleta kwenye ngumi?" Nami nikafungua mdomo nikamuuza baba yangu.

Nitakueleza nilivyomuuza, wewe unayetaka kuingia kwenye ngumi. Ukiona nimepandisha sauti, nistahimili. Hasira hizi ni za zamani, lakini mwezi huu zimechemka upya, na mtu wa makamo akizimeza tena zitamuua.

Baba alikuwa fundi wa maturubai. Malori yaliyotoka bandarini kwenda bara, turubai likichanika, yalisimama kando ya barabara kwa Fundi Bakari. Alishona kwa sindano nene iliyopinda, na uzi aliousugua nta mpaka ukawa mgumu kama waya. Alikuwa mtu wa sala tano na maneno machache. Pombe ya mnazi hakuijua hata ladha yake. Mgema akipita na kibuyu, Baba alihamia upande wa pili wa njia, kisha akamsalimu kutoka kule kule, kwa sababu mgema naye ni jirani.

Ni yeye aliyenipeleka ukumbini. Nilikuwa mtoto wa kuruka kamba. Nilichukua kamba zake za kufungia mizigo nikaruka pale kibandani kutwa, vumbi likawaingia wateja machoni. Siku moja akanishika mkono hadi kwa Kocha Karisa. Akamwambia, "Huyu ananimalizia kamba zangu. Mchukue." Alipoona ukumbi hauna gunia la kupiga, akashona moja kwa vipande vya turubai, akalishindilia matambara na unga wa mbao. Mshono wake ulikuwa njia mbili sambamba, na ya tatu inazikatiza kama miiba ya samaki. Ungeutambua popote.

Sasa, kama ungetuuliza kwa haki kwa nini tunapigana, ungecheka. Mmoja alikuja kwa sababu mchumba wake wa Bamburi alimwambia ana kitambi. Mwingine, kijana mkubwa kama mlango, alikuwa mwoga wa mbwa na akafikiri ngumi zitamponya, hazikumponya. Dobi mmoja kutoka Frere Town alipenda kule kukumbatiana baada ya pambano. Alisema kwao watu wakigombana hawasalimiani miaka, lakini hapa unamvunja mtu pua halafu mnakunywa maji kikombe kimoja. Mimi nilipenda kamba. Nilipenda inavyolia sakafuni, na jinsi mwili unavyofika mahali ukasahau kwamba una uzito. Basi. Hapakuwa na zaidi.

Wapo walioletwa na machungu, sikatai. Rafiki yangu Katana alikuwa mmoja wao. Baba yake alikunywa kweli, na akirudi alipiga. Siku moja, tukifungana bendeji, Katana akaniambia jinsi baba yake alivyoirusha nje sufuria ya maharagwe, na mama yake akayaokota moja moja, akayaosha, akayarudisha motoni, na watoto wakayala.

"Usimwambie mtu," akasema.

Nikamwapia wallahi, simwambii mtu.

Kisha ikaja habari ya wageni wafadhili, waliotaka kutupiga picha ya sinema. Glavu zetu zilikuwa jozi tatu, zimeraruka, na vijana tulikuwa wengi. Kocha Karisa, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya. Alitukusanya akatuambia, "Jamani, hawa wana glavu na ulingo mpya, lakini mkono mtupu haulambwi. Wapeni kitu cha kuwaliza."

"Kitu gani, Kocha?"

"Machungu. Mwenye machungu asikae nyuma leo."

Katana akaulizwa wa kwanza. Akatazama sakafu, akasema, "Nafanya mazoezi tu." Mgeni hakuandika kitu. Nikafuata mimi, nikasema kweli: napenda kuruka kamba. Mgeni akatabasamu kama mtu anayengoja umalize mzaha wako ndipo mzungumze mambo ya maana.

"Na nyumbani, je? Kuna shida?"

Nyuma ya kamera nilimwona Kocha amenikazia macho. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Dole lingepona kwa wiki moja. Nikasema baba yangu ni mlevi. Kamera ikasogea karibu, nikajua nimepatia. Nikaongeza kwamba anatupiga. Nikaongeza sufuria. Nikaongeza maharagwe, na mama akiyaokota moja moja. Nikasema nimejifunza ngumi ili nimkinge mama yangu, yule mama ambaye asubuhi ile ile alikuwa amenigombeza kwa kumaliza sukari. Mgeni akafuta machozi. Kocha akanipigapiga bega. Nilipogeuka kumtafuta Katana, alikuwa ametoka.

Miezi ikapita, wageni wakarudi na glavu, na pia na picha yenyewe. Wakatundika shuka nyeupe ukumbini Jumapili mchana, mtaa mzima ukaalikwa. Baba akaambiwa mwanawe yumo. Akavaa kofia yake ya Ijumaa, akaja na mama, wakakaa mstari wa mbele.

Uso wangu ukatokea, mkubwa kama mlango. Nyuma ya bega langu lilining'inia gunia, na mshono wake ukionekana wazi, njia mbili na miiba. Nikamwita mlevi chini ya kazi ya mikono yake. Wanawake wakamgeukia mama. Baba hakuinuka. Alikaa mpaka mwisho, na watu walipopiga makofi, naye akapiga.

Nje Katana alikuwa ananingoja.

"Ungeniachia sufuria yangu," akasema.

"Katana, nilitaka tupate glavu..."

"Kwenu mnapika pilau kila Ijumaa, nawe ukaja kuiba maharagwe yetu."

Hakukanyaga ukumbi tena. Alikuwa na mkono wa kushoto ambao sijauona kwa mwingine, na ulimwengu haukuuona kamwe. Walioletwa na machungu kweli ndio wenye haki ya kuyasema au kuyaficha. Mimi nilimnyang'anya vyote viwili.

Mtaani maneno yakatembea. Mzee wa mtaa alikuja kumuuliza Baba kwa heshima kama kuna ugomvi ndani ya nyumba. Imamu mgeni, aliyekuwa hajamjua vizuri, alimshika mkono baada ya sala akamwombea Mungu amwondolee pombe. Unajua Baba alijibu nini? Alisema, "Amina."

Baada ya siku chache gunia likapasuka chini. Nilifikiri Kocha atalazimika kutafuta fundi mwingine. Baba akaja na sindano yake kama siku zote, akachuchumaa, akaniita nimshikie. Tulikuwa wawili tu, na ile harufu ya nta. Akapiga mishono mingi, kisha akaniuliza:

"Mbona hukuwaambia kwamba unapenda?"

"Niliwaambia, Baba. Haikutosha."

Akavuta uzi. "Kwani mtu wa Chaani haruhusiwi kupenda kitu mpaka aumizwe kwanza?"

"Mimi kuitwa mlevi, nitaishi," akasema. "Najua nilichokunywa na nisichokunywa. Lakini wewe umekubali kwamba furaha yako haina thamani, ukaenda kuazima msiba. Mimi hushona turubai, mwanangu. Hilo sijui nalishonaje."

Akakata uzi kwa meno, akaondoka.

Nilikusudia kusimama ukumbini niyafute yale maneno. Wenzangu wakanisihi: "Ukisema, watachukua glavu." Nikajiambia nitasema Jumapili ijayo, halafu ile nyingine. Kisha nikaondoka. Nimefanya kazi Voi, nimekaa Lamu, nimebeba mbao Tanga, nimelala Lindi kwa watu nisiowajua, na watu husema ninapenda kutembea. Sipendi kutembea. Nilikuwa namkimbia mtu mmoja aliyeketi mstari wa mbele na kofia ya Ijumaa. Baba alifariki nikiwa Lindi. Nilipofika, matanga yalikuwa yamekwisha anuliwa.

Nimerudi mwaka jana. Nawashikia vijana gunia, nawafundisha kamba. Mwanzoni mwa mwezi huu mmoja akanijia na simu. "Mzee, hebu tazama, si wewe huyu?" Sijafika hata hamsini, lakini mvi zimenisaliti, basi nikaitika uzee wangu nikatazama. Kuna mtu ameitoa ile picha katika kanda akaitia mtandaoni. Nipo pale, kijana, nalia machozi ya kuazima. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nawaheshimu, lakini hawakuwa na simu. Baba yangu yuko kaburini miaka mingi, na kwenye viganja vya watu wasiomjua bado analewa kila siku.

Na wiki hiyo hiyo namsikia Riziki, msichana wetu mwenye miguu myepesi kuliko wote, anajizoeza mbele ya kipande cha kioo: "Nilikuwa mwizi. Mama yangu alinitupa." Mama yake namjua. Anauza mahamri pale njia panda, na asubuhi ile alikuwa amenipa mawili ya bure.

"Riziki, mama alikutupa wapi?"

Akacheka. "Alinitupa dukani nikanunue unga." Kisha akaacha kucheka. "Wageni wanakuja Jumamosi, mzee. Wanachagua mmoja wa kwenda kupigana nje ya nchi. Kocha mpya anasema nikisema napenda tu, sitachaguliwa."

Maneno yale yale, mwanangu. Miaka imepita, ulingo umebadilishwa, makocha wamekufa, na mtoto wa huku bado anatakiwa alete jeraha mlangoni ndipo afunguliwe. Kijana wa majumba ya ufukweni akicheza tenisi, umesikia nani anamuuliza alipigwa na nani nyumbani? Anaulizwa anapenda nini. Wetu ndio wanaoulizwa wameumia wapi, na wakijibu kwamba hawakuumia, wanatazamwa kama wanaoficha. Huo si msaada. Ni mtu kukununua na kukufanya umshukuru.

Nilimweleza Riziki yote, kama ninavyokueleza wewe. Lakini nikaona aibu: nawezaje kumwambia mtoto aseme kweli, na yangu bado imo tumboni? Basi Ijumaa, baada ya mazoezi, nikawaomba vijana wasitawanyike, nikawaita na wazee waliobaki wa wakati ule. Walikuja wachache. Nikasimama mbele ya gunia. Si lile la Baba, lile lilioza zamani.

Nikasema, "Mimi ni mtoto wa Fundi Bakari. Baba yangu hakuwahi kuonja mnazi, wala hakumwinulia mama mkono. Nilimsingizia. Na hadithi niliyoisema ilikuwa ya mwenzangu, nilimwibia."

Bi Saumu, tuliyeshiriki naye ukuta mmoja, bibi ambaye sasa haoni vizuri, akasema kutoka pale alipokaa, "Sisi wa ukuta mmoja tulijua, baba. Na baba yako tulimwambia, mkanye mtoto mbele za watu. Akasema, 'Mwacheni, atakuja kusema mwenyewe.' Tumekungoja."

Nikaketi chini, mtu mzima na mvi zangu.

Jumamosi wageni wakaja. Riziki akaulizwa ni machungu gani yaliyomleta. Akasema, "Napenda kamba inavyolia. Na napenda kushinda." Akaulizwa tena kwa upole, kuhusu nyumbani. Akasema, "Nyumbani kuna mahamri." Akaulizwa mara ya tatu, akajibu vile vile. Hakuchaguliwa. Alichaguliwa kijana mwingine, na alichosema sitakirudia, kwa sababu baba yake pia ni jirani yetu. Jumatatu nilipofungua ukumbi, Riziki alikuwa mlangoni tayari, kamba begani.

"Umeumia?" nikamuuliza.

"Nimeudhika," akasema. "Fungua, mzee."

Basi shika haya, mwanangu. Ukiingia kwenye ngumi kwa hasira, ingia, zitakufundisha kuishika. Ukiingia kwa njaa, ingia, hakuna aibu. Ukiingia kwa sababu unapenda tu, usiione hiyo kuwa sababu ndogo, wala usikubali mtu akuongezee msiba ili apate kukusikia. Aliye na machungu yake, usiyaguse, ni yake. Glavu huchakaa, na zile tulizopata kwa uongo wangu hazikumaliza hata miaka miwili, lakini neno nililolitoa linanidai mpaka leo. Na kama umekwisha kusema uongo juu ya mtu wako, usingoje Jumapili ijayo. Rudi usimame pale pale. Katana bado simpati. Naambiwa yuko mahali fulani bara. Nitakapompata, nitamrudishia sufuria yake kwa mikono miwili.

Mungu akupe mikono myepesi na ulimi mzito kuliko mikono. Akuepushe na kila anayetaka kukulipa kwa machozi yako. Na siku wazazi wako watakapokaa mstari wa mbele kukusikiliza, awajaalie wainuke wakiwa na jina lile lile waliloingia nalo. Amina.